Goti bandia: kujiandaa, kupasuliwa na kupona kwa anayeishi Mwanza na kando ya ziwa

Maswali ni yaleyale kila mara. Nitalazwa siku ngapi? Nitaanza lini kukanyaga? Nitaweza tena kuchuchumaa? Mbona goti bado la moto na wiki ya nne imeshapita? Majibu yako hapa chini kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, tangu wiki sita kabla ya kisu mpaka miezi mitatu baada yake.

Kwanza lieleweke jambo moja. Daktari hutumia saa moja hadi mbili kukuwekea goti. Kulinyoosha na kulikunja ni kazi yako wewe na anayekuuguza, na sehemu kubwa ya kazi hiyo iko ndani ya wiki sita za mwanzo. Goti lililowekwa vizuri, kisha likalazwa juu ya mto mwezi mzima, hugeuka kuwa gumu, na hakuna kidonge cha kulilainisha.

Mwongozo huu ni wa mtu anayebadilishiwa goti zima kwa sababu gegedu (tabaka laini linalofunika ncha za mifupa) limelika na mifupa inasagana. Kinachobadilishwa ni nyuso za mifupa tu: ncha ya mfupa wa paja na ya mfupa wa muundi hukatwa tabaka jembamba, huvikwa chuma, na katikati huwekwa plastiki ngumu. Kama wewe ni mchezaji uliyekatika ligamenti au uliyeshonwa kikombe cha gegedu ndani ya goti, maandalizi ya nyumbani na usafi wa kidonda ni hayahaya, lakini ratiba ya kukanyaga na kukunja ni tofauti kabisa. Fuata ya daktari wako, usifuate hii.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya siku ya kulazwa

- Magongo mawili au wola la miguu minne (lile fremu la kutembelea). Soli za mpira chini ziwe nzima; zikilika hadi chuma kuonekana, badilisha.
- Kitanda kirefu cha kutosha: ukikaa ukingoni, nyayo ziguse sakafu na goti lisiwe juu kuliko nyonga. Godoro la chini halifai.
- Kiti imara chenye mikono ya kujisukumia. Sofa linalodidimia utalikalia, kuinuka hutaweza.
- Kiti cha chooni. Maelezo yake yako kwenye hatua ya 3.
- Viatu vya kufunga kisigino, soli isiyoteleza. Kandambili weka kabatini kwa miezi mitatu.
- Barafu ya uhakika: friji lako au la jirani, na mifuko midogo isiyovuja.
- Taulo mbili, kipande cha chaki, kipimajoto, na daftari la kuandikia dawa na saa zake.
- Nguo pana: dera, kikoi, bukta. Suruali ya kubana haipiti juu ya bandeji.
- Mtu mmoja wa kulala nyumba moja nawe kwa wiki mbili kamili. Asiwe wa kuja asubuhi na kuondoka; choo cha saa nane usiku ndicho kinachoangusha watu.
- Ndugu wawili watatu walio tayari kuchangia damu hospitali ikihitaji.

Kuhusu pesa: uliza mapema kama bima yako inalipia kifaa chenyewe au upasuaji tu, na kama kinahitaji kibali kabla. Usiulize mdomo kwa mdomo ukaridhika. Omba makadirio ya maandishi yanayotaja kifaa, ganzi, wodi, dawa za nyumbani na mazoezi ya viungo.

Hatua ya 1. Wiki sita kabla: uchunguze mwili wote, siyo goti peke yake

Anzia hospitali ya wilaya au ya mkoa upate barua ya rufaa ya kwenda kliniki ya mifupa. Beba picha zote za zamani. Ukipigwa eksirei mpya, omba ipigwe ukiwa umesimama, kwa sababu ya kulala huficha jinsi mifupa ilivyokaribiana.

Vipimo vinavyoahirisha upasuaji mara nyingi ni hivi:

- Damu pungufu. Huku kwetu kichocho, minyoo na malaria vinakula damu polepole bila mtu kujua. Dawa ya kuongeza damu inahitaji wiki kadhaa kufanya kazi, ndiyo maana tunasema anza wiki sita kabla.
- Sukari. Kipimo cha wastani wa miezi mitatu (HbA1c) kikizidi asilimia 8, madaktari wengi hukataa kupasua, na wana haki: sukari ya juu hulisha vijidudu kwenye kidonda.
- Shinikizo la damu lisilotulia.
- Sikoseli. Kanda ya Ziwa ina familia nyingi zenye ugonjwa huu au kubeba vinasaba vyake. Sema wazi, hata kama ni mdogo wako tu anayeumwa, kwa sababu paja hufungwa mkanda wa kuzuia damu wakati wa upasuaji na mtaalamu wa ganzi lazima ajue kabla.

Mpe daktari orodha ya kila unachomeza, pamoja na dawa za mitishamba. Baadhi zinafanya damu isigande. Aspirini, warfarini na diklofenaki uambiwe tarehe kamili ya kuacha, usijikatie mwenyewe. Na kama ulichomwa sindano ya maumivu ndani ya goti, taja lini. Ikiwa haijapita miezi mitatu, hatari ya maambukizi huongezeka na inafaa kusubiri.

Hatua ya 2. Ziba milango ya vijidudu

Jino lililooza, fangasi katikati ya vidole vya miguu, kidonda cha zamani kwenye muundi, UTI, jipu: vyote vitibiwe viishe. Chuma hakina damu ya kupeleka askari wa mwili. Kijidudu kikifika pale kinajenga nyumba. Mvutaji sigara aache angalau wiki nne kabla, kwa kuwa sigara huchelewesha kidonda kufunga.

Usinyoe mguu kwa wembe nyumbani. Wembe huacha mikwaruzo isiyoonekana. Nywele zikihitaji kuondolewa, watafanya hospitali kwa mashine.

Hatua ya 3. Tengeneza choo na njia ya kukifikia

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo nyumba nyingi za Mwanza zinaposhindwa.

Choo cha kuchuchumaa kinadai goti likunjike zaidi ya digrii 130. Goti bandia zuri, lililofanyiwa mazoezi, hufika kati ya 110 na 120. Kwa hiyo jibu la swali la kuchuchumaa ni kwamba usilipangie; panga kukaa.

Njia rahisi ni kiti cha plastiki chenye mikono. Chagua kizito, kile ambacho ukikibonyeza mgongo hakipindi. Chora duara la kipenyo cha sentimita 22 hivi katikati ya kikalio, likate kwa msumeno mwembamba, kisha piga msasa ukingo mpaka kiganja kikipita kisikwaruze. Kikalio kiwe kimo cha nyuma ya goti lako au sentimita tano juu yake, siyo chini. Tatizo la kiti cha plastiki ni miguu: kwenye vigae vilivyolowa hutanuka na kuteleza. Kata vipande vinne vya mpira wa tairi, vivike chini ya miguu, vifunge kwa waya kwa upande wa nje. Kikae juu ya tundu la choo miguu yote minne ikiwa kwenye sehemu tambarare. Mguu mmoja ukining'inia kwenye mteremko wa sinki la choo, kiti kitapinduka.

Kama mwili wako ni mzito, usihangaike na plastiki. Mpe seremala vipimo akupigie stuli ya mbao yenye tundu na mikono. Kisha fundi wa kuchomelea aweke bomba la chuma ukutani upande wa mkono wenye nguvu, kimo cha kiwiko ukiwa umekaa, na alifunge kwa boliti zinazoingia kwenye tofali, si kwenye plasta. Mjaribu wa kwanza asiwe wewe. Mtu mzito kuliko wewe akae, ajisukume, ainuke mara kumi. Kama kinalia, kinarudi kwa fundi.

Sasa njia. Hesabu ngazi kutoka kitandani hadi chooni, na kutoka mlangoni hadi gari linapofika. Mtu anayekaa juu ya mawe Mabatini, Igogo au Bugarika, ambako njia ya nyumbani ni kuruka jiwe hadi jiwe, akae kwa ndugu wa chini, penye njia ya sawa, kwa wiki sita. Si kudekezwa. Mteremko wenye changarawe baada ya mvua humwangusha hata mwenye magoti mawili mazima.

Ndani ya nyumba ondoa mikeka, nyaya za umeme na ndoo za njiani. Chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote. Pindo linaloburuta hujifunga kwenye gongo usiku.

Hatua ya 4. Fundisha mguu kabla ya kisu

Wiki nne kabla, anza mazoezi mawili: kubana msuli wa paja na kuinua mguu ulionyooka (yameelezwa hatua ya 9). Jifunze pia kutembelea magongo ukiwa bado una nguvu. Gongo la kwapani liache nafasi ya vidole vitatu kati yake na kwapa, na mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono. Uzito ubebwe na viganja. Anayelalia gongo kwa kwapa hukandamiza mishipa ya fahamu na mkono hufa ganzi.

Hatua ya 5. Usiku wa kuamkia upasuaji

Oga mwili mzima kwa sabuni jioni, na tena asubuhi. Vaa nguo safi, lalia shuka safi. Futa rangi ya kucha na usipake piko kwenye vidole wiki hiyo, kwa sababu kifaa cha kusoma hewa mwilini hubanwa kidoleni na rangi nyeusi humchanganya msomaji.

Kula mwisho saa ulizoambiwa na hospitali. Kanuni ya kawaida ni kuacha chakula saa sita kabla ya kupasuliwa na maji matupu saa mbili kabla, lakini wodi nyingi husema usile wala kunywa kuanzia saa sita usiku ili pasiwe na mkanganyiko. Uji ni chakula. Maziwa ni chakula. Chai ya maziwa ni chakula. Aliyekunywa kikombe kidogo cha uji alfajiri na akanyamaza anahatarisha kupaliwa na matapishi akiwa kwenye nusu kaputi. Aliyesema ukweli ataahirishiwa tu.

Hatua ya 6. Siku yenyewe

Kabla ya kusukumwa ndani, hakikisha alama ya kalamu imechorwa kwenye mguu sahihi, na ujibu mwenyewe ukiulizwa ni goti gani, hata wakikuuliza mara ya nne. Wanauliza kwa makusudi.

Wengi huchomwa ganzi ya mgongo: kiuno kushuka chini hakisikii, wewe upo macho au umesinzia. Utasikia sauti za kugonga na kukata. Ni kawaida. Kidonda huwa mbele ya goti, urefu wa sentimita 15 hadi 20. Ganzi huisha baada ya saa kadhaa, na maumivu huja nayo ikiisha, kwa hiyo omba dawa vidole vinapoanza kuchezacheza. Usingoje mpaka uanze kulia.

Hatua ya 7. Wodini, siku ya kwanza hadi ya nne

Siku hiyohiyo jioni au kesho yake utasimamishwa. Huo si ukatili wa wauguzi. Damu inayotulia miguuni huganda, na bonge likipanda kwenye mapafu linaua. Kila saa ukiwa macho, vuta vidole vya miguu kuja kwako kisha visukume mbele, mara ishirini. Zoezi hilo halihitaji ruhusa ya mtu.

Kabla ya kuruhusiwa, uwe umeweza mambo manne: kuinuka kitandani mwenyewe, kwenda chooni na kurudi, kupanda na kushuka ngazi tatu, na kutaja dawa zako na saa zake. Kwenye ngazi kanuni ni moja: mguu mzima unatangulia kupanda, mguu uliopasuliwa unatangulia kushuka. Gongo huenda na mguu uliopasuliwa.

Hatua ya 8. Safari ya kurudi nyumbani

Panda gari dogo, kiti cha mbele, kilichorudishwa nyuma hadi mwisho. Tandika kitenge kilichokunjwa juu ya kiti. Geuka mgongo, kaa kwanza, kisha mtu akusaidie kuingiza miguu huku kitenge kikiteleza nawe. Bajaji inawezekana kwa safari fupi ukikaa kwa upande, mguu umenyooshwa juu ya kiti. Bodaboda hapana, kwa wiki sita, hata kama dereva ni mwanao.

Wa Sengerema na Geita wamerahisishiwa: tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, hakuna tena kusubiri kivuko mguu ukiwa unavimba. Hata hivyo simama kila baada ya saa moja, shuka, tembea dakika tano. Wa Ukerewe na visiwa vingine tunawashauri wakae mjini kwa ndugu hadi nyuzi zitoke. Kuvuka kwenda Nansio na kurudi ndani ya wiki mbili, kupanda na kushuka ngazi za meli zilizolowa, ni hatari isiyo na faida. Na kidonda kikianza kuvuja usiku, mtakuwa mmetenganishwa na maji.

Hatua ya 9. Wiki mbili za kwanza: nyoosha, nyoosha, nyoosha

Mgonjwa atasema, "Mwanangu, niwekee mto hapa chini ya goti, nipumue." Na mwanawe, kwa upendo, ataweka. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika mwongozo huu. Goti lililokunjika kidogo huwa halina maumivu, kwa hiyo mto unastarehesha. Lakini tishu zinazopona hushikana katika mkao huo, na ndani ya wiki chache mguu haunyooki tena. Mtu huyo atachechemea maisha yake yote. Mto uwekwe chini ya kisigino, goti likining'inia bila kitu chini yake. Mwambie, "Mama, mto nakuwekea, ila huku kwenye kisigino."

Jipime hivi kila asubuhi: lala chali, mguu umenyooka, pitisha kiganja chini ya goti. Kikipita kirahisi, goti halijanyooka. Lisukume chini kwa kubana paja mpaka likibane kiganja.

Ratiba ya siku, mara tatu, nusu saa baada ya kumeza dawa ya maumivu:

1. Bana paja, sukuma goti kitandani, hesabu hadi tano, achia. Mara 10.
2. Taulo lililoviringishwa chini ya kisigino, tulia dakika 5 hadi 10.
3. Buruta kisigino kuelekea makalio, kisha nyoosha. Mara 10. Weka mfuko laini wa nguo chini ya kisigino kiteleze.
4. Inua mguu ulionyooka kimo cha shibiri moja, hesabu tano, shusha polepole. Mara 10.
5. Kaa kwenye kiti, unyayo sakafuni, vuta mguu nyuma hadi maumivu yavumilike, shikilia sekunde 10. Chora chaki mbele ya kidole gumba. Kesho lengo ni upana wa kidole kimoja nyuma ya mstari.

Muundi ukisimama wima, hapo ni digrii 90. Kufika hapo mwisho wa wiki ya pili ni mwendo mzuri.

Kati ya mazoezi, barafu dakika 15 hadi 20, mara nne au tano kwa siku, kukiwa na kitambaa katikati. Barafu ya kuhifadhia samaki inayotoka mwaloni inafaa kwa ubaridi ila ni chafu: ifunge ndani ya mifuko miwili, na maji yake yasiguse bandeji.

Dawa: parasetamoli ya miligramu 500, vidonge viwili kila saa sita, visizidi vinane kwa siku. Panadol ni parasetamoli hiyohiyo, usizihesabu kama dawa mbili. Diklofenaki na ibuprofeni ni ndugu. Mbili kwa pamoja hutoboa tumbo na kuumiza figo. Tramado, dawa kali ya maumivu, hufunga choo, kwa hiyo maji, papai na mchicha viwe vingi. Sindano ya tumboni au vidonge vya kuzuia damu kuganda vimalizwe hadi siku ya mwisho uliyoandikiwa, mara nyingi kati ya siku 14 na 35, hata kama unajisikia mzima.

Kidonda kibaki kikavu hadi nyuzi au pini zitoke, siku ya 10 hadi 14. Usikande kwa maji ya moto. Tunajua bibi na mashangazi watakuja na sufuria. Wapokeeni kwa heshima, maji hayo yawapikie chai. Joto la namna hiyo hufungua mishipa, goti linajaa damu na kidonda kinaachia. Usipake asali, spiriti, majani wala unga wa kapsuli.

Hatua ya 10. Wiki ya tatu hadi ya sita

Ongeza umbali. Siyo kasi. Dakika tano mara nne kwa siku, kisha kumi, kwenye njia tambarare. Asubuhi kabla ya jua, au jioni. Ukiwa tayari kuacha gongo moja, libaki la mkono wa upande wa goti zima, siyo wa goti lililopasuliwa. Wengi hukosea hapa, na kuchechemea kunazidi.

Kidonda kikishafunga kabisa, bila kigaga, oga kawaida. Ziwani usiingie kabla ya hapo kwa sababu yoyote. Hata baada ya hapo, maji ya kina kifupi yenye majani ndiko waliko konokono wa kichocho, kwa hiyo kuogea ufukweni hakukufai.

Usingizi utasumbua kipindi hiki kuliko wiki ya kwanza. Weka barafu na meza dawa kabla ya kulala, lala ubavu ukiweka mto kati ya miguu.

Hatua ya 11. Wiki ya sita hadi mwezi wa tatu

Wengi huruhusiwa kuendesha gari karibu wiki ya sita, ikiwa unaweza kukanyaga breki kwa ghafla bila maumivu na umeacha dawa za maumivu zinazolewesha kama tramado. Kazi ya kukaa ofisini au dukani huwezekana wiki ya sita hadi ya nane. Anayeanika dagaa asirudi kwenye kuanika chini; chanja iliyoinuliwa hadi kiunoni inakutosha na dagaa wenyewe hutoka safi zaidi. Mvuvi anayerukia mtumbwini kutoka majini asubiri miezi mitatu, na amuulize daktari kwanza.

Kupiga magoti hakuvunji goti bandia, ila wengi huliona gumu na ganzi. Jaribu kwanza kitandani juu ya godoro. Wanaoswali wakae kwenye kiti, kanisani vilevile.

Yanapokwama

*Goti ni la moto na limevimba, mwezi wa pili.* Kawaida, ikiwa maumivu yanapungua wiki hadi wiki. Uvimbe huchukua miezi mitatu hadi sita. Ukizidi jioni, siku hiyo ulisimama sana.

*Upande wa nje wa kovu hausikii.* Vijineva vidogo vya ngozi vimekatwa. Eneo hupungua polepole, linaweza lisiishe. Goti halidhuriki.

*Linagonga kama kijiko.* Ni chuma na plastiki. Kama hakuna maumivu wala kulegea, liache.

*Weusi umeshuka hadi kifundo cha mguu.* Ni damu ya upasuaji inayoteremka. Huisha ndani ya wiki mbili tatu.

*Chaki haisogei.* Angalia kama unafanya mazoezi bila dawa ya maumivu, au unafanya yote mara moja kwa siku badala ya mara tatu. Kama wiki ya sita imefika na hujafika digrii 90, rudi kliniki wiki hiyo. Daktari anaweza kulikunja ukiwa umelazwa usingizi, na kazi hiyo hufanikiwa zaidi ikifanywa mapema, kabla makovu ya ndani hayajakomaa.

*Kidonda kinavuja baada ya wiki ya kwanza, au kinatoa usaha.* Nenda kliniki iliyokupasua leo, siyo kesho. Usinunue antibiotiki duka la dawa. Zitafunika dalili, na maji ya goti yakichukuliwa kupimwa, kijidudu hakitaonekana. Kwenye ngozi nyeusi usingoje wekundu: tafuta ngozi inayong'aa na kukaza, joto kuliko goti jingine, na maumivu yanayopanda badala ya kushuka.

*Homa zaidi ya digrii 38.* Huku kila homa huitwa malaria. Pima malaria, sawa, lakini kidonda kikaguliwe siku hiyohiyo hata kipimo kikionyesha malaria ipo. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

*Shavu la mguu limejaa, linauma ukilibonyeza, upande mmoja tu.* Huenda damu imeganda. Usilisugue wala kulichua. Hospitali siku hiyo, mchana au usiku.

*Pumzi imekata ghafla, kifua kinachoma, au unakohoa damu.* Usipige simu kwanza kuuliza ushauri kwa jirani. Gari, na hospitali kubwa iliyo karibu, na mlangoni sema maneno haya: "Nimepasuliwa goti tarehe fulani, pumzi imekata." Tarehe iandike nyuma ya daftari la dawa, ili anayekusindikiza aisome kama wewe huwezi kusema.